Kutoa na Kuachia: Fedha za Matajiri Wakubwa na Swali la Ikhlasi

Utajiri unaojadiliwa hapa si ule wa mfanyabiashara mwenye ghorofa mbili Kariakoo, malori kadhaa ya kwenda Tunduma na watoto wanaosoma nje ya nchi, kwa maana mtu wa aina hiyo bado hufikiri kabla ya kununua, na akitoa shilingi milioni kumi msikitini au kanisani kuna jambo jingine nyumbani kwake ambalo litabidi lisubiri. Unaojadiliwa ni ule uliokwisha kuvuka mpaka wa matumizi, ambao mwenyewe hawezi kuumaliza hata akijitahidi. Mwenye dola bilioni 1 akiamua kutumia dola 10,000 kila siku, bila kupumzika Ijumaa wala Jumapili, atahitaji zaidi ya miaka 270 kuzimaliza, tena kwa sharti kwamba fedha hizo zimekaa kabatini na hazizai; na katika orodha za sasa za matajiri wa dunia bilioni 1 ni kiingilio cha mlangoni tu, kwa kuwa walioketi mbele wanahesabiwa kwa mamia ya mabilioni. Kwa watu hawa matumizi ni kipande kidogo cha habari. Kipande kikubwa ni kile wanachoamua kuifanyia ziada, na ni katika ziada hiyo ndipo uhisani unapozaliwa, yaani utoaji mkubwa, wa kupangwa, unaolenga jamii nzima na si jirani mwenye shida.

Jambo la kwanza linalopotosha mjadala ni dhana kwamba fedha hizo ni fedha. Kwa sehemu kubwa ni hisa, yaani vipande vya umiliki wa kampuni, ambavyo bei yake hupanda na kushuka kila siku sokoni bila mwenyewe kushika noti hata moja. Sheria ya kodi ya Marekani hutoza faida pale hisa inapouzwa, na haigusi thamani inayopanda huku hisa imetulia mikononi mwa mwenyewe. Ndiyo maana tajiri aliyeshauriwa vizuri haziuzi hisa zake, huziweka rehani, hukopa benki kwa riba ndogo na kuishi kwa mkopo huo, na mkopo, kwa kuwa si mapato, hautozwi kodi. Akifa, warithi wake huhesabiwa kana kwamba wamezipata hisa kwa bei ya siku ya kifo, na faida yote iliyolimbikizwa katika uhai wake hufutika mbele ya mtoza kodi ya mapato. Mwaka 2021 chombo cha habari cha ProPublica kilichapisha uchunguzi uliotokana na kumbukumbu za mamlaka ya kodi ya nchi hiyo, ukionyesha kwamba kati ya 2014 na 2018 mali ya Wamarekani 25 matajiri kuliko wote iliongezeka kwa dola bilioni 401, ilhali kodi ya mapato waliyolipa serikali kuu katika miaka hiyo ilikuwa dola bilioni 13.6, sawa na asilimia 3.4 ya ongezeko hilo. Hakuna wizi hapo, kila hatua imo ndani ya sheria. Lakini msomaji anayetaka kupima zawadi ya bilionea ni vyema aikumbuke hesabu hii, kwa sababu sehemu ya kile kinachokuja baadaye kama hisani kingeweza, chini ya sheria nyingine, kuwa kimekwisha kufika hazina ya umma.

Kuhusu anasa yenyewe hakuna mengi ya kusema ambayo mwanauchumi wa Kimarekani Thorstein Veblen hakuyasema mwaka 1899, alipoeleza ulaji wa kujionyesha, yaani ununuzi ambao faida yake haimo katika kitu kinachonunuliwa, imo katika macho ya wanaokitazama. Kilichobadilika tangu wakati wake ni vipimo. Jeff Bezos, mwanzilishi wa Amazon, alijengewa Uholanzi meli ya tanga yenye urefu wa mita 127 na milingoti mitatu mirefu kiasi kwamba mwaka 2022 zilipoenea habari kuwa daraja la zamani la reli mjini Rotterdam, liitwalo De Hef, lingefunguliwa kipande chake cha kati ili meli ipite, maelfu ya watu waliahidi kwenda kuipiga kwa mayai viza; mpango ukaachwa, na meli ikakokotwa kwa njia nyingine bila milingoti. Mtu huyohuyo, miaka miwili kabla, alikuwa ametangaza dola bilioni 10 za kupambana na mabadiliko ya tabianchi. Nchini India, familia ya Ambani, Julai 2024, ilitangulia kuwaoza zaidi ya wachumba 50 wa familia maskini huko Navi Mumbai, wakapewa vito vya dhahabu na vyakula vya mwaka mzima, na siku chache baadaye ikafanya harusi ya kijana wake iliyotajwa dunia nzima kwa gharama zake. Anayezijua harusi za pwani, ambako pilau ya mwenye nacho haina budi kuwafikia hata wasioalikwa, hatashangaa: sherehe kubwa isiyomwagika nje ya ua huleta husuda, na sadaka ni njia kongwe ya kuizima. Anasa na hisani hutoka katika mkono uleule, mara nyingi katika wiki ileile, na haielekei kwamba moja ni sura halisi ya mtu na nyingine ni kinyago.

Hapo ndipo swali la ikhlasi linapoingia. Ikhlasi ni usafi wa nia, tendo kufanywa kwa ajili ya tendo lenyewe au kwa ajili ya Mungu pasipo kuchanganywa na tamaa nyingine, na kinyume chake ni riya, yaani kutenda ili watu waone. Mafundisho ya Kiislamu na ya Kikristo yanakubaliana kwamba sadaka bora ni ile inayofichwa, na kwa maisha ya mtu binafsi kipimo hicho kinatosha, kwa sababu mwenye kukitumia ni mtoaji mwenyewe akiwa peke yake na dhamiri yake. Kwa jamii inayotazama kutoka nje hakisaidii kitu, kwani nia haionekani, na anayedai kuiona ama anabuni ama anachukia. Methali isemayo kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, ambayo kwa kawaida hutumiwa kumsifu maskini aliyetoa kidogo alichonacho, ikichukuliwa kwa uzito wake wote inamnyima pia tajiri ushahidi, kwa kuwa inasema wazi kwamba ukubwa wa kilichotolewa si dalili ya kilichomo moyoni. Linaloweza kuonekana ni jambo jingine, ambalo uchambuzi huu unalishika kama kipimo chake: kama mtoaji ameachia. Kutoa ni kupitisha mali kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, na kuachia ni kuuondoa ule mkono wa kwanza. Mtu anaweza kutoa asiachie, na historia ya uhisani mkubwa, kwa sehemu isiyo ndogo, ni historia ya watu wa namna hiyo.

Mfano ambao hauwezi kurukwa ni wa Andrew Carnegie, kwa sababu yeye hakutoa tu, aliandika pia nadharia ya kutoa ambayo mabilionea wa leo bado wanaifuata, wengine bila kujua. Alizaliwa Dunfermline, Uskoti, mwaka 1835, mtoto wa mfumaji wa kitambaa ambaye kazi yake ya mkono iliuawa na mashine za mvuke, akahamia Marekani na wazazi wake mwaka 1848, akafanya vibarua kiwandani na katika ofisi ya telegrafu, na akapanda hadi kuwa mfalme wa chuma cha pua. Utotoni, huko Allegheny karibu na Pittsburgh, kanali mmoja mstaafu alikuwa akiwafungulia vijana wafanyakazi maktaba yake binafsi, na Carnegie hakuusahau wema huo: kufikia 1929, miaka kumi baada ya kifo chake, fedha zake zilikuwa zimejenga maktaba 2,509 katika nchi zinazosema Kiingereza. Mwaka 1889 alichapisha insha iliyodai kwamba anayekufa akiwa tajiri anakufa na aibu, na kwamba mwenye mali ni mdhamini tu wa jamii, anayepaswa kuitumia ziada yake akiwa hai, kwa hekima ileile iliyomwezesha kuichuma. Mwaka 1901 aliiuza kampuni yake kwa mwenye benki J. P. Morgan kwa dola milioni 480, na alipofariki mwaka 1919 alikuwa amekwisha kugawa takriban milioni 350.

Hakuna sababu ya kudhani kwamba mtu huyu alikuwa mnafiki. Aliamini alichokiandika, akakitekeleza, na ndiyo maana kisa chake kina uzito. Katika insha ileile kulikuwa na hoja nyingine ambayo waandishi wengi wa wasifu wake huipita haraka, nayo ni kwamba fedha hizohizo kama zingegawanywa kidogokidogo kwa wengi zingepotea katika matumizi ya siku, ilhali zikikusanywa mkononi mwa mmoja mwenye busara zinazaa taasisi za kudumu. Kwa lugha ya kiwandani, ilikuwa hoja ya kutopandisha mishahara. Mwaka 1892, katika kiwanda chake cha Homestead, kando ya mto Monongahela, mkataba na chama cha wafanyakazi ulipofikia mwisho, meneja wake Henry Clay Frick aliwafungia wafanyakazi nje, akauzungushia uwanja ua wa mbao wenye seng'enge, na usiku wa kuamkia tarehe 6 Julai akaleta kwa matishari walinzi wa kukodi wapatao 300 wa kampuni ya Pinkerton. Mapigano ya siku hiyo yaliua watu wapatao kumi, wengi wao wafanyakazi. Carnegie alikuwa mapumzikoni Uskoti, akiwa amekwisha kumpa Frick baraka zake. Chama kilivunjika, na zamu ya saa 12 ikawa kawaida ya kiwanda.

Mwaka 1898 Homestead ikapata maktaba yake: jengo zuri kilimani, lenye ukumbi wa muziki, bwawa la kuogelea na rafu za vitabu, hatua chache kutoka kwenye tanuri. Msomaji na ajaribu kumfikiria mfanyakazi anayemaliza zamu ya saa 12 mbele ya moto, ambaye kila baada ya wiki mbili hufanya zamu ya saa 24 mfululizo ili kubadilishana usiku na mchana na mwenzake, akipanda kilima kile kwenda kuazima kitabu. Zawadi ilikuwa ya kweli, na kwa mtoto wa mfanyakazi huyo pengine ilikuwa mlango wa maisha mapya, lakini yeye mwenyewe alikuwa amenyang'anywa kitu pekee ambacho kingemwezesha kuipokea, nacho ni muda. Ikhlasi ya mtoaji ilikuwapo, na haikutibu chochote. Uhisani unaweza kuwa safi katika nia na bado ukawa ni kurudisha, kwa sura aliyoichagua mtoaji, sehemu ya kile ambacho mpokeaji angekipata kama mshahara na kukitumia atakavyo.

Hata hivyo kuna upande ambao Carnegie aliwazidi waliokuja baada yake. Mji uliotaka maktaba ulipaswa kutoa kiwanja na kuahidi kila mwaka, kutoka kodi za wenyeji, asilimia 10 ya gharama ya ujenzi kwa ajili ya uendeshaji. Baada ya hapo maktaba ilikuwa mali ya mji, na mji ndio ulioajiri, ulionunua vitabu na ulioamua saa za kufungua. Aliachia majengo ingawa hakuachia mishahara. Kuachia huko nako kulikuwa na upande wake mchungu, kwani aliyeachiwa huja na ubaguzi wake: Nairobi ilipopata maktaba ya McMillan mwaka 1931, ikiwa na msaada kutoka shirika la Carnegie la New York, jengo lile lenye nguzo nyeupe na simba wawili wa mawe mlangoni lilikuwa kwa miaka mingi la Wazungu peke yao, na Mwafrika aliyelipita kila siku kwenda kazini hakuwa na ruhusa ya kuingia.

Pwani ya Afrika Mashariki haikungoja Wamarekani kuonyeshwa uhisani, wala utata wake. Katika karne ya 19 Zanzibar ilimjua Tharia Topan, Mkhoja kutoka Kutch, ambaye katika vipindi vya miaka ya 1870 na 1880 alikodi forodha ya Sultani, maana yake alimlipa Sultani kiasi maalumu kila mwaka na kubaki na kilichozidi katika ushuru. Alikuwa pia mkopeshaji wa misafara ya bara, ikiwemo ya Tippu Tip, na misafara hiyo ilirudi na pembe za ndovu na watumwa. Mwaka 1887, Malkia Victoria alipotimiza miaka 50 katika ufalme, Tharia Topan aliwekesha jiwe la msingi la hospitali ya hisani Mizingani, mbele ya bandari, jengo lenye varanda za mbao zilizochongwa ambalo hadi leo ni miongoni mwa mazuri zaidi ya Mji Mkongwe. Alifariki mwaka 1891 kabla halijaisha; mjane wake akaja kuliuza, na fedha za wakfu wa mfanyabiashara mwingine zikaligeuza kuwa zahanati, jina ambalo limeshinda la kwake. Waingereza walikuwa wamekwisha kumpa cheo cha heshima, nacho hakikuja kwa sababu ya wagonjwa tu.

Ng'ambo ya mfereji, Bagamoyo, Sewa Haji Paroo alikusanya mali yake kwa kuwauzia wasafiri vitambaa, shanga na bunduki, na kuwatafutia wapagazi, ambao kila mmoja alibeba mzigo wa frasila mbili, takriban kilo 32, kwa miezi kwenda Tabora na kupita. Katika miaka ya 1890 aliwapa Wajerumani jengo la shule Bagamoyo kwa sharti kwamba watoto wa rangi zote wasome humo, na akatoa fedha za hospitali ya Dar es Salaam kwa ajili ya Waafrika na Wahindi, wakati ambapo Wazungu walijengewa yao ufukweni. Sharti lile la shule linastahili kuangaliwa kwa makini. Ni sharti la mtoaji, hivyo ni namna ya kutoachia; lakini ni sharti lililofungua mlango ambao mpokeaji, serikali ya kikoloni, angeufunga. Kipimo cha kuachia hakikubali kutumiwa kibubusa, na inabidi kila mara kuuliza ni nani anayeachiwa.

Swali hilo sheria ya wakfu ililishughulikia karne nyingi kabla ya kuwapo mabilionea. Wakfu, katika sheria ya Kiislamu, ni mali ambayo mwenyewe ameifunga kwa ajili ya kheri, iwe shamba la minazi, kisima, nyumba ya kupangisha au kiwanja cha makaburi, na tangu siku hiyo haiuzwi, haitolewi zawadi na hairithiwi. Mapato yake huenda kwa walengwa waliotajwa, chini ya msimamizi aitwaye mutawalli. Misikiti mingi ya Lamu, Mombasa na Unguja imeishi kwa mapato ya namna hiyo. Huu ndio uachiaji uliokamilika kisheria, kwa kuwa mtoaji akijuta kesho hana njia ya kurudi. Lakini watu wa pwani waliujua pia wakfu wa dhuria, ambao walengwa wake ni watoto na wajukuu wa mtoaji hadi kizazi kikatike, na maskini hutajwa mwisho kabisa, baada ya ukoo kwisha. Kwa njia hiyo shamba liliepushwa na wadai na kugawanywa vipandevipande katika mirathi. Mahakama ya juu ya rufaa ya himaya, mjini London, mwanzoni mwa miaka ya 1950 iliukataa wakfu wa aina hiyo katika kesi iliyotoka Kenya, kwa hoja kwamba kheri iliyosukumwa mbali kiasi hicho ni ya jina tu. Wenyeji waliona hukumu hiyo kuwa ni ya watu wasioelewa kwamba katika Uislamu kumtunza jamaa ni sadaka, na walikuwa na haki ya kusema hivyo. Hoja ya majaji, hata hivyo, ingewafaa sana wahisani wakubwa wa leo kama wangeielekeza kwao wenyewe.

Magazeti ya Kiswahili nchini Kenya yamezoea kuita wakfu zile taasisi za kihisani za Marekani ambazo Watanzania huziita taasisi au mifuko, na tafsiri hiyo ina kejeli ambayo waandishi wake huenda hawakuikusudia. Taasisi ya namna hiyo, chini ya sheria iliyoanzia mwaka 1969, inatakiwa kutumia kila mwaka takriban asilimia 5 tu ya mali yake, na ndani ya hiyo asilimia 5 huhesabiwa mishahara na gharama za ofisi. Mali ikizaa asilimia 7 sokoni, taasisi inaendelea kunenepa huku ikitoa. Mtoaji, watoto wake na marafiki zake wanaruhusiwa kukaa katika bodi. Punguzo la kodi analipata siku ile ile anapohamisha hisa, hata kama mgonjwa wa kwanza atatibiwa miaka kumi baadaye, na hadi mwaka 2025, kwa mtu aliyetozwa asilimia 37, kila dola 100 aliyotoa ilimgharimu dola 63, zilizobaki zikiwa zimetoka, kwa njia ya kodi isiyokusanywa, kwa raia wengine ambao hawakuulizwa kama wanapenda opera au chanjo. Kuna pia mifuko inayoitwa ya ushauri wa mtoaji, ambamo zimelala zaidi ya dola bilioni 200 bila sheria kutaja siku ya kutoka. Mark Zuckerberg alipoahidi mwaka 2015 asilimia 99 ya hisa zake za Facebook, aliamua zipitie katika kampuni ya kawaida, isiyobanwa hata na ile asilimia 5. Na ile Ahadi ya Kutoa, iliyoanzishwa mwaka 2010 na Warren Buffett pamoja na Bill na Melinda Gates, ambayo Mohammed Dewji alikuwa Mtanzania wa kwanza kuitia sahihi mwaka 2016, ni ahadi ya heshima isiyo na nguvu ya sheria. Ukilinganisha na mzee wa Lamu aliyesimama mbele ya kadhi akaifunga minazi yake, hawa wanatangaza nia.

Watetezi wa uhisani mkubwa hujibu kwamba yote haya ni maneno ya watu walioshiba, kwa kuwa mtoto aliyepona hamuulizi daktari dawa imenunuliwa na nani. Jibu hili ni zito na halipaswi kupuuzwa: taasisi ya Gates imetumia zaidi ya dola bilioni 100 katika miaka yake 25 ya kwanza, na katika vita dhidi ya polio, malaria na vifo vya watoto mchango wake hauna mfano. Ila dawa na sera ni vitu viwili. Mwaka 2006 taasisi hiyo, pamoja na ile ya Rockefeller, ilianzisha Muungano wa Mapinduzi ya Kijani Afrika, AGRA, wenye makao yake Nairobi, ambao ulijiwekea lengo la kuongeza maradufu kipato cha kaya milioni 30 za wakulima wadogo ifikapo 2020 kwa njia ya mbegu bora na mbolea za viwandani. Mwaka huo ulifika, na tathmini huru iliyotolewa 2022 ikaonyesha kuwa lengo kuu halikutimia. Serikali nazo hushindwa, tena mara nyingi zaidi; tofauti ni kwamba waziri aliyeharibu kilimo anaweza kusimamishwa bungeni na kuulizwa, au kuangushwa katika kura, ilhali mkulima wa Makueni au Njombe hana mahali pa kumpigia kura mwenyekiti wa taasisi iliyoko Seattle. Fedha zimevuka bahari, uamuzi haukuvuka. Gates alitangaza Mei 2025 kwamba taasisi itatumia karibu kila alichonacho na kufungwa tarehe 31 Desemba 2045, na tangazo hilo, zaidi ya mabilioni yaliyotangulia, ndilo linalofanana na kuachia, kwa sababu linakubali kwamba mkono wa mtu mmoja haufai kukaa mezani milele.

Wapo waliokwenda mbali zaidi, nao ni wachache mno kuliko kelele za uhisani zinavyoashiria. Chuck Feeney, Mmarekani aliyetajirika kwa maduka yasiyotoza ushuru katika viwanja vya ndege, alianzisha taasisi yake mwaka 1982 na miaka miwili baadaye akaihamishia kwa siri karibu hisa zake zote, hivi kwamba kwa muda orodha za matajiri ziliendelea kumtaja kama bilionea ilhali hakuwa tena. Siri ilifichuka mwaka 1997 kwa sababu tu biashara ilikuwa inauzwa. Taasisi ilitoa dola bilioni 8, ikaisha, ikafungwa mwaka 2020, na mwenyewe akafariki mwaka 2023 akiwa ameishi katika nyumba ya kupanga, mkononi saa ya plastiki ya bei ya viatu vya mtumba. MacKenzie Scott, aliyepata hisa za Amazon katika talaka, hutoa kwa namna nyingine: huchagua shirika, hulipa mara moja kiasi kikubwa, wala hamwambii mpokeaji azitumieje. Na huko Siaya, magharibi mwa Kenya, shirika la GiveDirectly liliondoa hata shirika la katikati, likazipelekea kaya zaidi ya 10,000 takriban dola 1,000 kila moja kwa M-Pesa. Watafiti waliofuatilia waliona mabati yakipanda juu ya nyumba na maduka ya jirani yakiuza zaidi, na hata kaya ambazo hazikupewa zikafaidika na mzunguko huo, huku bei zikipanda kwa kiasi kidogo sana. Ile hofu ya Carnegie kwamba fedha ndogondogo mikononi mwa wengi hupotea ilipimwa pale kijijini, haikusimama.

Siasa za Afrika Mashariki zinatoa funzo lao kuhusu jina. Harambee, ambayo Kenya ilijivunia baada ya uhuru kama njia ya wananchi kujijengea shule na zahanati, ilikuja kuwa jukwaa ambamo mheshimiwa anatangazwa kwa kipaza sauti na kiasi alichotoa, umati unapiga makofi, na hakuna anayeuliza mshahara wake unamwezeshaje. Mwaka 2024 Rais William Ruto, baada ya maandamano ya vijana, alitangaza kuwapiga marufuku maofisa wa serikali kushiriki michango hiyo. Matajiri wa Magharibi hununua kitu kilekile kwa marumaru. Familia ya Sackler, wamiliki wa Purdue Pharma iliyouza dawa ya maumivu ya OxyContin, ilikuwa na jina lake ukutani katika makumbusho makubwa ya Paris, London na New York, hadi madhara ya dawa hiyo yalipojulikana na waandamanaji wakaanza kutupa chupa za vidonge katika bwawa la jumba la Metropolitan. Louvre iliondoa jina hilo mwaka 2019, Metropolitan ikafuata mwishoni mwa 2021. Jina lililonunuliwa linahitaji kulindwa daima, na ulinzi ndio dalili kwamba mwenyewe bado ameshika.

Hospitali ya Sewa Haji ilihamishwa katika miaka ya 1950 kwenda katika majengo mapya yaliyopewa jina la binti mfalme wa Uingereza, na baada ya uhuru ikawa Muhimbili. Jina la mfanyabiashara wa Bagamoyo lilibaki katika jengo moja la wodi, limeunganishwa kuwa neno moja, na jamaa anayefika getini jioni na chupa ya uji akiuliza mgonjwa wake yuko wapi huambiwa amelazwa Sewahaji, juu, naye hupanda ngazi akidhani, kama wengi wanavyodhani, kwamba ni jina la mahali.